Matiti yanapokua kupita kiasi wakati wa ujauzito: kutegemeza, dawa, kupunguza au kuondoa?

Ujauzito hukuza matiti ya karibu kila mwanamke, na kwa kawaida si jambo la kutisha. Wapo wachache, hata hivyo, ambao matiti yao hayaachi kukua. Ndani ya wiki chache yanakuwa mazito kiasi kwamba kulala chali hakuwezekani, ngozi inang'aa kwa kuvutika, mishipa inatokeza kama kamba, na mwishowe ngozi inachanika. Maelezo ya kitabibu ya hali hii, iitwayo gigantomastia ya ujauzito, yanarudi nyuma hadi 1648, lakini bado ni adimu: makadirio yanatofautiana kati ya mimba 1 kwa 28,000 na mimba 1 kwa 100,000. Kwa sababu ya uadimu huo, mkunga au daktari anaweza kustaafu bila kuiona hata mara moja, na mgonjwa akajikuta anapewa ushauri unaopingana. Mmoja anamwambia avumilie hadi ajifungue, mwingine anataka akatwe wiki hiyohiyo.

Njia zilizopo ni nne: kutegemeza na kutunza ngozi huku mkisubiri, kutumia dawa za kushusha homoni ya maziwa, kupunguza matiti kwa upasuaji, na kuyaondoa yote. Juu ya hizo kuna uamuzi wa kujifungua mapema. Kwa maoni yetu kinachopaswa kuamua ni hali ya ngozi, hali ya damu na umri wa mimba. Ukubwa peke yake hauamui. Mwenye titi la kilo nne na ngozi nzima anaweza kusubiri kwa usalama. Mwenye titi la kilo mbili lililoanza kuwa jeusi hana muda huo.

Kwanza, hakikisha ni hali hii

Katika ujauzito wa kawaida kila titi huongezeka kwa wastani wa takriban mililita 150, ingawa wanawake hutofautiana sana. Ongezeko huja polepole, pande zote mbili, na ngozi hubaki laini. Katika hali tunayoizungumzia, ukuaji huanza mara nyingi katika miezi mitatu ya kwanza au mwanzoni mwa miezi mitatu ya pili, na ni wa kasi. Hakuna kipimo kimoja ambacho madaktari wote wamekubaliana nacho. Wengine huhesabu ziada ya zaidi ya kilo 1.5 kwa kila titi, wengine huangalia kama matiti yamefikia asilimia 3 au zaidi ya uzito wa mwili. Kwa mwanamke wa kilo 60 hiyo ni kilo 1.8.

Kupima nyumbani si kazi ngumu. Chukua utepe wa fundi cherehani, pima kutoka kwenye kishimo kilicho chini ya koo, juu ya mfupa wa kifua, hadi kwenye chuchu. Kwa mtu mzima ambaye matiti yake si makubwa, urefu huo huwa karibu sentimita 19 hadi 21. Matiti yanapokua kupita kiasi unaweza kuvuka sentimita 40. Pima kila wiki siku ileile, ukiwa umesimama, pande zote mbili, na uandike. Piga na picha, ukiwa umesimama mahali palepale na mwanga uleule. Daktari anayeona namba za wiki nne mfululizo anaamua kwa uhakika zaidi kuliko anayeambiwa tu "yameongezeka sana".

Hapo ndipo kosa la kwanza hutokea, nalo ni kubwa kuliko mengine yote: kuiita hali hii kwa jina kabla ya kuondoa magonjwa yanayofanana nayo. Saratani ya titi ya aina ya uvimbe mwekundu hufanya ngozi iwe na vishimo kama ganda la chungwa, na matiti yaliyokua kupita kiasi hufanya vivyo hivyo kwa sababu ya maji yaliyonasa kwenye ngozi. Saratani ya tezi za limfu, hasa ile inayokua kwa kasi ya siku badala ya miezi, inaweza kuvimbisha matiti yote mawili wakati wa ujauzito au kunyonyesha. Kuna pia uvimbe mkubwa usio wa saratani unaokaa upande mmoja, na jipu, ambalo kwa kawaida huja na homa, maumivu makali na sehemu moja yenye joto. Ukuaji wa upande mmoja tu ni sababu tosha ya kuchunguza zaidi, ingawa hali yenyewe inaweza kweli kuanzia upande mmoja.

Ultrasaundi ndiyo picha ya kwanza, na haina madhara kwa mtoto. Ikibaki shaka, huchukuliwa kipande cha nyama kwa sindano nene chini ya ganzi. Anayepeleka kipande hicho maabara aandike kwamba mgonjwa ni mjamzito na wiki ngapi, kwa sababu titi la ujauzito lina mabadiliko ambayo msomaji asiyeambiwa anaweza kuyatafsiri vibaya. Sindano isipitishwe kwenye ngozi iliyovutika na kubadilika rangi. Jeraha la hapo linaweza kukataa kupona, au likatoa maziwa kwa wiki nyingi.

Chunguza pia dawa na magonjwa mengine. Penisilamini imehusishwa na ukuaji wa aina hii, na kadhalika siklosporini. Magonjwa ambayo kinga ya mwili hushambulia mwili wenyewe, kama lupasi, baridi yabisi na ule wa misuli kulegea uitwao miasthenia, yameonekana kwa baadhi ya wagonjwa. Kama kuna dawa inayoshukiwa, kuiacha au kuibadilisha kwa usimamizi wa daktari aliyeiandika ndiyo hatua rahisi kuliko zote, na ajabu ni kwamba huulizwa mwisho.

Kipimo cha damu kinachosahaulika

Wengi hukimbilia kupima prolaktini, homoni ya maziwa. Ipimwe, lakini isipewe uzito mkubwa: katika kila ujauzito prolaktini hupanda karibu mara kumi, na kwa wagonjwa wengi wa hali hii kiwango chake ni kilekile cha mjamzito yeyote. Inadhaniwa kwamba titi lenyewe ndilo linaloitikia homoni kupita kiasi, hata homoni zikiwa za kawaida. Ndiyo maana kipimo kizuri hakiondoi ugonjwa.

Kipimo chenye maana zaidi ni kalsiamu. Kwa baadhi ya wagonjwa tishu ya titi hutoa kemikali inayofanana na homoni ya tezi ndogo za shingoni, na kemikali hiyo huchota kalsiamu kutoka kwenye mifupa na kuimwaga kwenye damu. Dalili zake ni kiu isiyokatika, kukojoa mara kwa mara, choo kigumu, kichefuchefu na uchovu. Karibu zote huchukuliwa kuwa ni mambo ya mimba tu, na hapo ndipo hatari ilipo: kalsiamu ikipanda sana mgonjwa huchanganyikiwa na moyo huyumba.

Kuna jambo la kiufundi hapa. Katika ujauzito protini ya damu iitwayo albumini hushuka, hivyo kalsiamu ya jumla huonekana chini kuliko ilivyo. Omba kalsiamu huru, yaani isiyoshikamana na protini, au angalau majibu yaliyosahihishwa kwa albumini. Na ikithibitika iko juu, acha mara moja vidonge vya kalsiamu vinavyotolewa kliniki ya wajawazito pamoja na dawa za kiungulia zenye kalsiamu, na zungumza na daktari kuhusu vitamini D. Kalsiamu iliyo juu hushughulikiwa hospitalini kwa dripu ya maji ya chumvi kwanza. Isipotulia, inasukuma uamuzi kuelekea upasuaji hata kama ngozi bado nzima.

Vingine vya kupima ni picha kamili ya damu, kwa sababu upungufu wa damu ni wa kawaida hapa, kundi la damu, homoni za tezi ya shingo, na vipimo vya magonjwa ya kinga.

Kutegemeza na kusubiri

Njia hii inamfaa mwenye ngozi nzima, kalsiamu ya kawaida na anayepumua bila shida. Inafaa pia kama msingi wa njia nyingine zote, maana hakuna dawa wala upasuaji unaomwondolea mtu haja ya kutunza ngozi.

Sidiria iwe na mikanda mipana, sentimita 5 au zaidi, isiyo na waya, na ifungwe kwa mbele. Mikanda myembamba huchimba mabega na kubana neva, na vidole vikaanza kufa ganzi. Matiti yakishapita ukubwa wa sidiria zote, kitambaa kipana cha pamba kinachopita chini ya matiti na kufungwa juu ya mabega hufanya kazi bora kuliko sidiria iliyolazimishwa. Kishike uzito, kisibane: kikiacha alama nyekundu isiyofutika baada ya nusu saa, kimebana mno, na kinakata mtiririko wa damu uleule tunaoutetea.

Kulala kuwe kwa ubavu, au nusu kukaa, mito ikibeba matiti kutoka chini. Osha sehemu ya mkunjo chini ya titi mara mbili kwa siku kwa maji na sabuni isiyo kali, kausha kwa kugusagusa bila kusugua, kisha paka krimu ya zinki au weka kitambaa kikavu cha pamba kutenganisha ngozi na ngozi. Jasho linalobaki hapo huleta fangasi, fangasi huchubua ngozi, na mchubuko ndio mlango wa bakteria.

Kagua ngozi kila siku kwa kioo, hasa upande wa chini na kuzunguka chuchu. Ndiko uharibifu huanzia, kwa sababu uzito hukusanya maji huko na damu hufika kwa shida. Mpangilio wake unajulikana: kwanza ngozi hung'aa na kuwa ngumu, halafu hupata rangi ya zambarau, kisha huvuja majimaji, na mwisho kuwa jeusi na kavu bila hisia. Kati ya zambarau na jeusi huenda zikapita siku chache tu. Rangi ya zambarau ndiyo inayomaliza kipindi cha kusubiri, usingoje jeusi.

Kwa maumivu, parasetamoli miligramu 500 hadi 1,000 kila baada ya saa sita, isizidi gramu 4 kwa saa 24. Kwa mwenye uzito wa chini ya kilo 50 daktari hupunguza. Ibuprofeni na diklofenaki ziepukwe kuanzia wiki ya 20, kwa kuwa zinaweza kupunguza maji ya uzazi, na baadaye kufunga mapema mshipa ambao mtoto anautegemea akiwa tumboni.

Kidonda kikishatokea, kioshwe kwa maji safi ya chumvi ya hospitali na kufunikwa kwa bandeji isiyogandamana nacho. Iodini isitumiwe kwa muda mrefu kwenye kidonda kikubwa cha mjamzito, kwa kuwa hufyonzwa na kuathiri tezi ya shingo ya mtoto. Krimu ya silva salfadiazini nayo huepukwa kujifungua kunapokaribia. Mambo haya mawili hayasemwi mara kwa mara na wodi nyingi huzitumia zote mbili bila kufikiri.

Udhaifu wa kusubiri ni kwamba hakuzuii ukuaji. Pia mtu anayeacha kutembea kwa sababu ya uzito anakaribisha damu kuganda kwenye miguu, na ujauzito tayari umeongeza hatari hiyo. Tembea kila siku hata kidogo, chezesha vifundo vya miguu ukiwa kitandani, kunywa maji. Anayelala muda mwingi apimwe hatari yake na huenda akahitaji sindano ya kuzuia damu kuganda. Kwa enoksaparini, kinga ya kawaida kwa mjamzito wa kilo 50 hadi 90 ni miligramu 40 kwa siku.

Bromokriptini au kabagolini

Dawa hizi mbili hufanya kazi moja: kuzuia ubongo usitoe prolaktini. Zisitarajiwe kurudisha matiti kama yalivyokuwa. Zikifaulu husimamisha ukuaji, na kwa baadhi hupunguza kidogo. Kwa wengine hazifanyi chochote.

Bromokriptini ndiyo yenye historia ndefu zaidi katika hali hii. Huanza kwa miligramu 1.25 usiku, pamoja na chakula, kisha hupandishwa ndani ya siku chache hadi miligramu 2.5 mara mbili kwa siku. Wapo waliopandishwa zaidi ya hapo. Kuanza na kipimo kamili siku ya kwanza ni kosa la kawaida: mgonjwa hutapika, anashikwa na kizunguzungu akisimama, anaitupa dawa, na wote wanaandika kwamba imeshindwa. Kabagolini hunywewa mara mbili tu kwa wiki, kwa kawaida kuanzia miligramu 0.25, na huvumilika vizuri zaidi. Kwa anayetapika kwa mimba tayari, hiyo ni tofauti kubwa. Uzoefu wake katika hali hii mahususi ni mdogo zaidi. Kwa kifupi: bromokriptini kama tumbo linaikubali, kabagolini kama halikubali.

Zote mbili hazimfai mwenye shinikizo la juu la damu lisilodhibitiwa wala dalili za kifafa cha mimba. Pima shinikizo kabla ya kuanza na kila kliniki. Ukuaji wa mtoto ufuatiliwe kwa ultrasaundi kila wiki tatu au nne; watoto wadogo kuliko umri wao wameripotiwa, ingawa ugonjwa wenyewe nao unaweza kusababisha hilo.

Wiki mbili za kipimo kamili zinatosha kutoa jibu. Utepe ukionyesha umbali ule ule, endelea. Ukionyesha ongezeko, usipoteze mwezi mwingine ukibadilisha dozi, maana mwezi huo ndio unaokupeleka kwenye miezi mitatu ya mwisho ambako upasuaji ni mgumu zaidi.

Kuna dawa ambazo zisiguswe mimba ikiwa ndani. Tamoksifeni inaweza kudhuru mtoto, na danazoli inaweza kumpa mtoto wa kike maumbile ya kiume. Dawa za kukojoza maji na steroidi zimejaribiwa bila matokeo ya kutegemewa.

Upasuaji: kupunguza au kuondoa

Huu ndio uamuzi mzito kuliko yote, na ndio unaoelezwa vibaya kwa wagonjwa. Wengi hudhani kupunguza ni upasuaji mdogo na kuondoa ni mkubwa. Kwa mjamzito mwenye hali hii mambo ni kinyume. Kupunguza hupita katikati ya tezi iliyojaa mishipa minene, kila mkato hutoa damu, na kazi ya kuunda titi jipya huchukua saa kadhaa. Kuondoa hufuata mpaka wa asili kati ya tezi na msuli wa kifua, mishipa mikubwa hufungwa mapema, na nusu kaputi huwa fupi.

| Jambo | Kupunguza | Kuondoa yote |
|---|---|---|
| Damu inayopotea | Nyingi zaidi | Kidogo kwa kulinganisha |
| Muda wa nusu kaputi | Mrefu | Mfupi |
| Kukua tena katika mimba hii | Kunawezekana | Nadra |
| Kukua tena katika mimba ijayo | Kutarajiwe | Nadra, hasa tishu ya kwapani |
| Kunyonyesha | Mara nyingi hapana | Hapana |
| Umbo baadaye | Titi linabaki | Linajengwa upya baada ya uzazi |
| Panapofaa zaidi | Ngozi nzima, baada ya kujifungua | Ngozi iliyokufa, damu, usaha, kalsiamu ya juu |

Safu ya kunyonyesha inahitaji maelezo. Katika kupunguza kwa kawaida, chuchu huachwa ikining'inia kwenye shina la nyama lenye mishipa yake. Chuchu ikiwa imeshuka sentimita 40 kutoka kooni, shina hilo ni refu mno na damu haifiki mwisho wake, kwa hiyo daktari huitoa chuchu kabisa na kuipandikiza kama kiraka cha ngozi. Chuchu iliyopandikizwa haina njia za maziwa, na hisia yake hupotea au hupungua sana. Mwanamke anayechagua kupunguza ili aje anyonyeshe anapaswa kuambiwa hili kabla ya kutia sahihi.

Kwa hoja hizo, upasuaji ukilazimika wakati wa ujauzito, tunaona kuondoa yote ndiyo chaguo salama zaidi kwa mwenye vidonda vikubwa, kuvuja damu au kalsiamu ya juu. Ni uamuzi unaouma, na mgonjwa anastahili muda wa kuuliza na kulia kabla ya kuukubali, isipokuwa maisha yake yako hatarini saa hiyo. Aonyeshwe pia kwamba ngozi iliyo hai inaweza kuhifadhiwa ili isaidie ujenzi wa titi baadaye. Ujenzi wenyewe usubiri mimba iishe.

Wakati mzuri wa upasuaji ni kati ya wiki ya 14 na 27. Kabla ya hapo hofu ya mimba kuharibika iko juu, baada ya hapo uchungu wa mapema unakuwa tishio na tumbo lenyewe linazuia kulaza mgonjwa. Akiwa mezani, kuanzia wiki ya 20 mwili uinamishwe takriban nyuzi 15 upande wa kushoto ili mfuko wa uzazi usibane mshipa mkubwa. Daktari wa nusu kaputi ajiandae kwa jambo ambalo hakutani nalo kila siku: mgonjwa akilazwa chali, matiti huanguka shingoni, yakazuia kufungua mdomo na kuingiza mrija, na uzito wake kifuani hushusha hewa haraka. Kumlaza nusu kukaa, mabega na kichwa vikiwa juu, na msaidizi akivuta matiti kuelekea chini, hutatua sehemu kubwa ya tatizo. Damu iliyolinganishwa iwe tayari chumbani, si kwenye orodha ya kuombwa. Mapigo ya moyo wa mtoto yapimwe kabla na baada.

Je, kujifungua mapema si njia nzuri zaidi?

Mara nyingine ndiyo. Matiti husukumwa na homoni za ujauzito, na hupungua kondo likishatoka. Kuanzia wiki ya 34 mizani huelekea kujifungua kuliko kumpasua mama matiti. Kabla ya hapo, kama hali inalazimisha, mama hupewa sindano za kukomaza mapafu ya mtoto, kwa mfano deksamethasoni miligramu 6 kila saa 12 mara nne. Kukatisha mimba kulikuwa jibu la zamani. Leo mama anaweza kufanyiwa upasuaji wa matiti na mimba ikaendelea, kwa hiyo jambo hilo hubaki kwa hali chache sana za kuokoa uhai.

Matiti makubwa peke yake si sababu ya kujifungua kwa kisu. Uzazi wa kawaida unawezekana, mama akiwa nusu kukaa au ubavu.

Kuna mtego katika siku za kwanza baada ya uzazi. Kati ya siku ya pili na ya tano maziwa huingia, na matiti ambayo mlitarajia yapungue huvimba zaidi. Ngozi iliyokuwa inashikilia kwa shida hupasuka wakati huu. Kama imeamuliwa kutonyonyesha, kabagolini miligramu 1 mara moja ndani ya siku ya kwanza huzuia maziwa kabla hayajaanza, mradi shinikizo la damu ni zuri. Bromokriptini kwa kazi hiyo tuiepuke, kwa kuwa baada ya kujifungua imehusishwa na shinikizo kupanda ghafla, degedege na kiharusi.

Mwenye ngozi nzima na ambaye hakutumia dawa hizo anaweza kunyonyesha akitaka, titi likiwa juu ya mto na mtoto akiwa ubavuni, mkono mmoja ukizuia uzito usimfunike pua. Mwenye vidonda asilazimishwe.

Mtoto wa mama aliyekuwa na kalsiamu ya juu anahitaji kupimwa kalsiamu katika siku zake za kwanza. Akiwa tumboni alizoea kalsiamu nyingi, tezi zake ndogo za shingoni zikalala. Kitovu kikikatwa, kiwango chake huanguka na anaweza kupata degedege. Mwambie daktari wa watoto kabla ya kujifungua, kwa maneno yako mwenyewe kama hakuna aliyeandika.

Hali yako iko wapi?

Wiki ya 16, ngozi nzima, kalsiamu ya kawaida, utepe unapanda kila wiki: anza kutegemeza na dawa siku moja, panga kumwona daktari wa upasuaji sasa hivi hata kama humhitaji bado. Kumtafuta wiki ya 26 kidonda kikinuka ni kuchelewa.

Wiki ya 22, ngozi zambarau au kidonda kinachopanuka licha ya dawa: upasuaji, na uelekeo wetu ni kuondoa. Kungoja wiki 12 zaidi kwa ngozi ya namna hiyo kunaishia kwenye sumu ya bakteria katika damu, kisha upasuaji uleule mama akiwa dhaifu zaidi.

Wiki ya 31, matiti mazito, ngozi ngumu lakini haijabadilika rangi: lazwa au fuatiliwa mara mbili kwa wiki, tegemeza, jaribu dawa kama shinikizo linaruhusu, na lengo liwe kufika wiki ya 34 au zaidi.

Umeshajifungua na matiti yamebaki makubwa: usikimbilie kisu. Yape miezi sita hadi kumi na miwili yapungue yenyewe. Hapa ndipo kupunguza kunapofaa, kwa mwanamke ambaye hatarajii mimba nyingine. Anayetarajia ajue kwamba tishu iliyobaki inaweza kukua tena, na achague kati ya kupunguza baada ya kumaliza kuzaa au kuondoa kabla.

Bila kujali uko kundi gani, nenda hospitali siku hiyohiyo kwa homa yenye titi jekundu na moto, ngozi nyeusi, harufu mbaya, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kukosa pumzi, au kuchanganyikiwa. Mshipa ukipasuka juu ya kidonda, lala nusu chali, inua titi, kandamiza kwa kitambaa safi dakika 15 bila kufunua kuangalia, na uendelee kukandamiza ukiwa njiani.

Mimba ijayo

Aliyewahi kupata hali hii na bado ana tishu ya titi achukulie kwamba itarudi, mara nyingi mapema na kwa kasi zaidi. Kitanzi cha shaba kinazuia mimba bila homoni yoyote na kinampa nafasi ya kupanga. Mimba ikiingia, vipimo vya utepe vianze wiki ya 6, kalsiamu ipimwe kliniki ya kwanza, na barua yenye majibu ya kipande cha nyama kilichopimwa maabara, dozi zilizofanya kazi na zilizoshindwa, pamoja na jina la aina ya upasuaji aliofanyiwa, ikae ndani ya kadi yake ya kliniki.